Sura ya Sita: Kisanduku cha Salamu

Juu ya meza ya Najim Ally kulikuwa na sahani ya chipsi mayai ya jana, na sisimizi walikuwa wameifikia kabla ya polisi. Inspekta Esha Mwinyijuma aliitazama mara moja, akaona mafuta yaliyoganda ukingoni, akavuta kiti upande wa pili wa meza.

"Samahani, afande," Najim akasema, akiisukuma sahani kwa kiwiko. "Kazi yetu haina ratiba."

"Sikuja kukagua jiko. Nionyeshe mchoro."

Ofisi ya Kisima Mitaala ilikuwa ghorofani Mapinga, juu ya duka la saruji, na vumbi la saruji lilipanda mpaka kwenye vikombe. Vyumba viwili, kiyoyozi kimoja kinachodondosha maji kwenye ndoo. Humo ndimo ilimozaliwa Ukunga Mkononi, programu ambayo wanafunzi wa ukunga wa vyuo vitatu vya pwani walisomea kwa simu. Najim, kijana wa miaka thelathini mwenye ndevu za kuchonga, ndiye aliyetunza msimbo wake, yaani zile amri zinazoiambia mashine ichore nini na ichore wapi. Kwa miaka mitatu kazi hiyo aliifanya peke yake.

Nyuma ya Esha alisimama Koplo Khamis na mfuko wa vielelezo mkononi. Dirishani alikaa mkurugenzi, Bwana Bwanausi, kanzu nyeupe, akichokonoa meno kwa kijiti na kukitazama kila alipokitoa.

Saa tatu na robo asubuhi. Esha alikuwa na muda mpaka saa nane mchana.

Jumatano iliyopita, Ashatu Abdala, mwanamke wa miaka ishirini na sita, alifia ndani ya gari lilipofika Makurunge, akikimbizwa hospitali kutoka zahanati ya Kwamwishehe, kijiji kidogo kupita Mkange. Kizazi kilipasuka. Mtoto hakuwahi kulia. Siku ile muuguzi wa zamu alikuwa semina, karatasi za kufuatilia uchungu zilikuwa zimekwisha tangu mwezi uliotangulia, na zahanati nzima aliachiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, Mwanvita Ausi, na simu yake. Tangu siku ile binti alikuwa na kauli moja tu: mstari wa kwenye simu ulimwambia bado.

Leo, Jumanne, saa nane, kamati ya chuo ilikuwa inakaa kumfukuza. Na jalada la uzembe uliosababisha kifo lilikuwa kwenye begi la Esha, likingoja sahihi yake tu liende kwa mwendesha mashtaka.

Najim alifungua skrini kubwa, pana kama meza ya chai.

"Hii inaitwa patografu. Ni picha ya mwendo wa uchungu. Chini ni saa, pembeni ni sentimita za mlango wa kizazi. Mkunga anaingiza namba, msimbo wangu unachora nukta papo hapo. Huu wa manjano ni mstari wa tahadhari. Unaanzia sentimita nne, unapanda sentimita moja kwa kila saa. Nukta ikiangukia kulia kwa mstari, zahanati inaita gari. Haina mjadala."

"Weka namba za Ashatu."

Najim aliandika. Saa mbili asubuhi, sentimita nne. Saa sita mchana, sita. Saa kumi jioni, nane. Nukta ya kwanza ilikaa mwanzo wa mstari. Ya pili iliangukia kulia, mbali, na ukingo wa mchoro ukawa mwekundu.

"Unaona?" Najim alisema. "Saa sita mchana mchoro umeshapiga kelele. Yeye gari kaita saa kumi na moja na nusu. Alikuwa anachati, pengine."

Bwana Bwanausi alicheka kwa pua.

Esha aliandika saa hizo kwenye daftari lake bila kuinua macho. "Mchoro huu umeguswa lini mara ya mwisho?"

"Februari. Toka hapo haujaguswa."

"Hiyo ni skrini yako. Binti alikuwa na simu. Khamis, una bando?"

"Lipo, afande. Mke wangu kaniwekea asubuhi, kasema nisitazame mpira."

"Pakua programu yao."

Walingoja. Maji ya kiyoyozi yalidondoka kwenye ndoo. Khamis aliingiza namba zilezile kwa kidole gumba, akampa Esha simu. Mstari uleule, nukta ileile imeanguka kulia, ukingo mwekundu.

"Kama nilivyoandika kwenye maelezo yangu ya Jumapili," Najim alisema.

"Mwanvita anasema aliwaandikia kuhusu mchoro. Mara mbili."

"Hakuna kitu kama hicho, afande. Kuna ukurasa wa Uliza Mwalimu, kila ujumbe unakuja hapa." Alifungua kisanduku kilichoandikwa Malalamiko, akakishusha taratibu ili asome. *Vidio inakwama. Nimesahau nywila. App mbovu, rudisheni bando langu.* "Tafuta jina lake mwenyewe. Hayumo."

Esha alitafuta. Hayumo. Kwenye simu ya binti nako nakala isingekuwepo. Programu ilikuwa ikipokea ujumbe, inaandika Asante, basi.

"Dada Inspekta," Bwana Bwanausi alisema kutoka dirishani, sauti imejaa huruma ya kununua dukani, "wasichana hawa wa siku hizi ukiwabana wanasema lolote. Sisi tumempoteza mama na mtoto. Tusiupoteze na ukweli."

Kijiti kikarudi mdomoni. Esha angefurahi kumweka ndani kwa kijiti hicho tu. Lakini kuchukizwa na mtu si ushahidi, na hadi dakika ile kila kitu mle ndani kilikuwa upande wao. Alifunga daftari. Khamis, aliyejua maana ya daftari kufungwa, alihamisha mfuko wa vielelezo kutoka mkono huu kwenda huu.

Esha aliutazama mfuko.

"Khamis. Simu ya binti imewashwa lini mara ya mwisho?"

"Haijawashwa, afande. Sajini wa zamu aliipokea Jumatano jioni imekwisha chaji. Akatoa laini, akaifunga kwa lakiri. Sahihi yake hii hapa."

"Hiyo haitakusaidia," Najim alisema haraka. "Itakuwa imeshaapdeti."

Esha aligeuka polepole. "Imeapdeti nini?"

"Yaani, programu..."

"Umesema mchoro haujaguswa toka Februari. Leo Juni. Itaapdeti nini?"

Najim alichukua chipsi moja kwenye sahani, akaitazama, akairudisha. Sisimizi wawili walibaki kwenye kidole chake na hakuwafuta.

"Lete mkasi," Esha alisema.

Lakiri ilikatwa mbele ya wote. Khamis alipiga picha kabla na baada, mkurugenzi akasaini kuwa ameshuhudia, kwa mkono uliokuwa umepungua furaha. Simu ilikuwa ndogo, kioo kimepasuka pembeni na kuzibwa kwa gundi ya karatasi. Waliichomeka kwenye chaji. Haikuwa na laini wala mtandao. Ilikuwa imelala Jumatano na ikaamka Jumatano.

Programu ilifunguka. Namba za Ashatu zilikuwa bado zimo, kama binti alivyoziingiza. Nne. Sita. Nane.

Nukta zote tatu zilikuwa zimekaa juu ya mstari wa manjano, moja baada ya nyingine, sawasawa. Ukingo ulikuwa wa kijani.

Esha aliweka simu ya Mwanvita upande wa kushoto, ya Khamis upande wa kulia, akachukua ncha ya kalamu, akaanza kuhesabu miraba kama mtu anayehesabu mishono.

"Kwenye simu ya Khamis, mraba mmoja ni saa moja."

"Ndiyo," Najim alisema.

"Kwenye hii, mraba mmoja ni saa mbili. Namba za chini zinakwenda mbili, nne, sita, nane."

"Ndiyo."

"Lakini mstari unapanda sentimita moja kwa kila mraba. Huku na huku."

Najim alionyesha namba za chini kwa kidole. "Februari mkurugenzi alisema namba za saa zinabanana kwenye simu ndogo. Nikazipunguza, ikawa namba moja kwa kila saa mbili, skrini ikiwa nyembamba tu. Mstari wenyewe... mstari unahesabu miraba, afande. Hauhesabu saa."

"Mraba ukawa saa mbili na mstari hukuuambia."

"Nilipitiwa. Niliujaribia kwenye skrini hii. Hapa uko sawa."

"Wanafunzi wangapi wana skrini kama hii?"

Najim alianza kupangusa ukingo wa skrini kwa mkono wa shati.

"Najim. Wangapi?"

"Hakuna."

Esha alizaa mara tatu, na uzazi wa mwisho alifikishwa hospitali juu ya pikipiki, katikati ya dereva na mama yake. Alijua sentimita moja kwa saa mbili maana yake nini. Mama aliyechelewa anaonekana anakwenda vizuri, na kadiri anavyochelewa mchoro unampongeza.

"Kosa la Februari ni kosa," alisema. "Watu hukosea. Mimi nataka la pili. Hii ya Khamis iko sawa. Nani ameirekebisha, na lini?"

"Mfumo wenyewe wakati mwingine..."

"Hati ya upekuzi umeisoma mlangoni. Fungua kumbukumbu ya mabadiliko."

Esha hakuwa mtu wa msimbo. Cheti chake cha stashahada kilikuwa cha utunzaji wa kumbukumbu, na kitu kimoja alichofundishwa kwa miaka miwili ni kwamba mtu akibadili jambo, mahali fulani ataacha tarehe. Najim aliifungua. Orodha ndefu; kila badiliko na siku yake, saa yake, jina la mtu, na sababu kwa maneno machache. La juu kabisa lilisomeka: *Alhamisi, saa 5:10 asubuhi. Najim Ally. Kurekebisha rangi.*

Alhamisi. Ashatu alikuwa amezikwa asubuhi hiyohiyo.

"Rangi gani?" Esha aliuliza.

"Manjano ilikuwa hafifu."

"Bonyeza hapo nione kilichobadilika."

Skrini iligawanyika mara mbili, ya zamani kushoto, mpya kulia. Kilichobadilika kilikuwa mstari mmoja wa amri, na ndani yake namba moja. Penye mbili pamewekwa moja.

"Khamis, piga picha. Rangi mimi siioni. Wewe unaiona?"

"Naona moja, afande."

"Chuo kiliwaandikia kuhusu kifo Jumamosi," Esha alisema. "Barua yao ninayo. Alhamisi saa tano wewe umeshajua pa kurekebisha. Nani alikwambia?"

"Niligundua mwenyewe."

"Miezi minne hukugundua. Ukagundua siku ya maziko."

Najim alimtazama mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa anatazama barabara, lori la mchanga likipita, kwa makini kama vile lori lile ni lake.

Esha alikirudia kisanduku cha Malalamiko. Alisoma tena, safari hii si majina, bali namna watu walivyoandika. *Vidio inakwama. Hailogini. Fungueni mtihani.* Vijana wa mjini, wanaingia bila hodi. Kisha akamkumbuka Mwanvita Ijumaa kituoni. Binti alikuwa hajalala siku mbili, macho mekundu kama pilipili, na bado aliwaamkia askari wote wanne kaunta, mmoja mmoja, hata mahabusu mzee aliyekuwa anafagia. Alipoanza kumuulizia Esha watoto wake hawajambo, Esha alimkata: *Binti, salamu tosha. Jibu swali.*

"Nani anapanga ujumbe kwenye visanduku?" aliuliza.

"Mashine. Niliiandikia msimbo wa kuchuja. Inasoma, ikikuta neno kama shida, tatizo, haifunguki, inapeleka Malalamiko."

"Inasoma ujumbe wote?"

"Mwanzo tu. Seva yetu ndogo, afande. Herufi themanini za mwanzo."

Khamis alianza kucheka, kisha akaacha. "Herufi themanini? Kwetu hapo bado hujaulizia hata kuku."

"Na ikikuta shikamoo?" Esha aliuliza.

Najim alishika kipanya, akakiachia.

"Ikikuta shikamoo, habari za kazi, poleni na majukumu. Inapeleka wapi?"

"Kwenye Salamu."

"Fungua Salamu."

Kisanduku kilifunguka. Kulikuwa na ujumbe wa tangu Alhamisi mchana tu. Kabla ya hapo, patupu.

"Huwa nakifuta kila Alhamisi asubuhi," Najim alisema. "Ili seva isijae. Ni salamu tu, afande. Ungeziona. Watu wa shamba wanaandika barua nzima, nusu dua, nusu kuulizia hali. Nani ana muda wa kusoma yote hayo?"

"Wewe Alhamisi ulikuwa nao."

"Nafuta bila kusoma."

"Alhamisi ulisoma. Ulisoma, ukarekebisha namba, ukaandika rangi, ukafuta. Kwa mpangilio huo." Esha alisimama. Alikuwa mfupi, lakini Najim alirudi nyuma na kiti chake. "Kuna nakala ya akiba?"

"Hapana," Najim alisema.

"Ipo," Bwana Bwanausi alisema.

Wote waligeuka. Kijiti kilikuwa kimetoka mdomoni. Mkurugenzi alikaa wima, kanzu imenyooka, uso wa mtu aliyekwisha kuchagua upande.

"Kila usiku seva inajinakili yenyewe. Nakala za siku thelathini. Nywila ninayo. Mimi, dada Inspekta, katika jambo hili nimedanganywa kama wewe."

"Bosi," Najim alisema taratibu, "Jumapili nilikwambia."

"Mimi hukuniambia kitu."

"Nilikwambia hapo hapo ulipokaa! Ukasema tuandike barua kwanza, kabla chuo hakijauliza habari za mchoro."

"Kijana, usinivunjie heshima."

Esha aliwaacha wagombane kwa muda wa kutosha Khamis kuandika yote. Kisha akamwashiria mkurugenzi aje mezani. Bwana Bwanausi aliingiza nywila mwenyewe, akiwa ameshika pindo la kanzu lisiguse sahani.

Nakala ya Jumatano usiku. Kisanduku cha Salamu. Ujumbe kumi na tisa wa juma moja. Esha aliusoma wote, kila neno, na Khamis akiandika namba. Kumi na mmoja ulitaja mchoro, chini kabisa, baada ya amani na rehema. *...ila mwalimu mstari naona umelala. ...kama nimekosea nisameheni, lakini kwenye karatasi ya darasani haukuwa hivi.* Wa Mwanvita ulikuwa miwili. Wa kwanza Jumatatu. Wa pili Jumatano, saa tisa na dakika arobaini na mbili alasiri.

"Soma," Esha alimwambia Najim.

"Afande..."

"Ulishausoma mara moja. Soma kwa sauti."

Najim alisoma akiwa amekaza shingo.

"Shikamoo mwalimu. Habari za kazi na za nyumbani. Poleni na majukumu ya kila siku, Mwenyezi Mungu awape wepesi. Samahani sana kwa kuchukua muda wako. Mimi ni Mwanvita Ausi, mwaka wa pili, niko mazoezini Kwamwishehe. Nina mama hapa tangu saa mbili asubuhi. Mstari wa simu unaonyesha yuko sawa, lakini mwalimu, mama amechoka sana na tumbo limekaa vibaya, na mstari tuliofundishwa nakumbuka haukulala hivi. Naomba mniambie kama nakosea. Niko peke yangu. Nitasubiri kidogo jibu lenu. Samahani kwa usumbufu."

Esha alihesabu kwa kalamu. Herufi ya themanini ilikuwa ya mwisho katika neno *siku*. Mashine ilisoma mpaka pale, ikaridhika kuwa hakuna shida.

"Alisubiri saa moja na dakika arobaini na nane," alisema. "Akaona hamjibu, akauasi mstari wenu akaita gari. Mwaka wa pili. Peke yake." Alifunga begi lake, jalada likiwa ndani bila sahihi. "Wewe Alhamisi umeyasoma haya. Jumapili umeandika kwamba mchoro ulikuwa sawa na binti alizembea. Na wewe, Bwanausi, ukaweka sahihi yako chini yake."

"Nina familia, afande," Najim alisema. "Nikisema ni mimi, nimekwisha. Yeye bado mdogo, angepata kazi nyingine."

Khamis alivuta pumzi kwa nguvu. Esha aliwatazama sisimizi sahanini, akamtazama Najim, na hakuona tofauti kubwa.

"Simama. Simu zote mezani. Usiguse mashine." Alimwachia Khamis amalizie maneno ya sheria, akatoka kwenye ngazi, kwenye hewa ya saruji, akampigia mkuu wa chuo. Mazungumzo yalikuwa mafupi. Kamati isikae. Nakala zinakuja na dereva kabla ya saa nane. Ndiyo, ana uhakika. Ndiyo, binti arudishiwe sare yake leo hii, si kesho.

Kisha akampigia Mwanvita mwenyewe, kwa namba ya shangazi yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanvita..."

"Habari za asubuhi? Watoto hawajambo? Kazi zinakwendaje? Na koplo hajambo?"

"Wote hawajambo," Esha alisema, akaegemea ukuta, akangoja. Aliuliziwa mpaka safari ya kuja Mapinga. Salamu zilipokwisha zenyewe, alisema, "Mstari ulikuwa unadanganya. Ulikuwa sahihi wewe. Chuo kimeshaambiwa."

Upande wa pili kulisikika kikohozi cha mtu anayejizuia.

"Alhamdulillahi," binti alisema. "Ila mama, samahani kuuliza. Na wenzangu je? Wengi bando letu linatosha kutuma ujumbe tu. Tulipakua chuoni kwa mtandao wa bure, basi. Wao wameshaambiwa?"

Esha alirudi ndani mbio.

"Wangapi wana mchoro wa zamani?" alimuuliza Najim, aliyekuwa amekwisha kufungwa pingu. "Seva inajua. Simu zipi hazijachukua marekebisho yako ya siri?"

Najim aliinamisha kichwa. "Sitini na nne."

"Wako wapi?"

"Mazoezini. Zahanati."

"Tutaweka tangazo ndani ya programu," Bwana Bwanausi alisema. "Mara moja. Kwa herufi kubwa."

"Wasio na bando la kupakua watalisomea wapi, usingizini? Chapisha majina na namba. Kaa hapo. Unapiga wewe, mmoja mmoja."

Mkurugenzi alipiga. Wa kwanza hapatikani. Wa pili alipokea, akaelewa, akashukuru. Wa tatu aliitwa Mwanamvua. Sauti nyembamba, upepo unavuma karibu na simu.

"Shikamoo mwalimu! Habari za huko? Poleni na kazi..."

"Ndiyo, ndiyo, sikiliza binti, kuhusu programu..."

"Mwache amalize," Esha alisema.

Bwana Bwanausi alifumba macho, akaweka sauti ya nje. Mwanamvua aliwaulizia walimu, afya, mvua za Mapinga. Alimwomba Mungu awazidishie. Kisha akasema:

"Na samahani mwalimu, afadhali umepiga, ningewaandikia. Nina mama hapa tangu saa kumi na moja alfajiri. Alikuwa na sentimita nne. Saa tatu nimempima, sita. Mstari unasema yuko sawa, ila mimi..."

Nne, sita. Esha alitazama saa ya ukutani. Saa tano na nusu. Alimpokonya mkurugenzi simu.

"Mwanamvua, mimi polisi. Mstari huo mbovu, usiutazame tena. Ita gari. Sasa hivi."

"Gari, mama?"

"Sasa hivi! Mama huyo kachelewa. Nenda naye hospitali."

"Haya mama. Asante sana mama. Gari la mwenyekiti lipo, naliona hapa." Sauti ilikuwa imeshaanza kukimbia, viatu vikigonga sakafu. "Wasalimie wote hapo ma—"

"Binti! Gari!"

Simu ikakatika. Esha alimrudishia Bwana Bwanausi.

"Wamebaki sitini na mmoja," Khamis alisema.

"Na yule asiyepatikana," Esha alisema. "Piga."